Hofu, Funga Virago

Kila aliyemuuliza Jasiri ule wimbo aliupata wapi alijibiwa vilevile. Jasiri alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Nilikuwa mahali pa juu." Watu walitikisa vichwa kwa heshima, wengine wakajifuta machozi. Na uongo hakusema, masikini. Alikuwa juu kweli, juu ya stuli ya jikoni kwake, saa nane mchana, kwa sababu panya alikuwa ameingia chini ya kabati. Alisimama pale saa tatu nzima akimsubiri mkewe atoke shule anakofundisha hesabu. Alimsihi panya, akamtisha, akamwambia afunge virago aondoke, na maneno yale kwa kurudiwarudiwa yakaanza kujitafutia sauti. Mkewe alipotokea na ufagio, panya alipita mlango wa nyuma bila kuaga, na wimbo ulikuwa umeshakamilika:

Hofu funga virago wee, mwenye nyumba kaingia,
aliye naye moyoni, mlangoni hatalia.

Mwenye nyumba ni Mungu, kila mtu anajua. Hapo mwanzo alikuwa mwalimu wa hesabu, lakini hilo lilibaki ndani ya ndoa.

Wimbo ulivuma mpaka ukakera. Wanafunzi waliuimba kabla ya mitihani ambayo hawakuisomea. Wagombea walipandia nao jukwaani. Ofisi ya maji waliuweka kwenye simu, kwa hiyo mtu aliyekaukiwa na bomba siku nane akipiga kulalamika aliimbiwa kwamba hofu ifunge virago, kisha simu ikakatika. Viongozi wa dini ambao hata salamu walikuwa hawapeani walikubaliana jambo moja tu, kwamba wimbo ni mzuri, na kwamba mtu anayeusikia kisha bado akaogopa ana kasoro mahali fulani katika imani yake. Hilo la kasoro Jasiri hakulisema popote. Ila pia hakulikanusha, maana alikuwa anaalikwa sana.

Yeye mwenyewe aliogopa lifti, mbwa, radi, madaraja, vyura, na watu wanaobisha hodi mara moja kisha wakanyamaza. Uoga wake ulikuwa wa jumla na rejareja. Jina la Jasiri alipewa na mashabiki, na mkewe alilitumia nyumbani kwa shughuli moja tu, kumwita aje aone mende aliyekufa.

Sasa ngiri ikamtoka. Ilianza kama uvimbe mdogo kinenani, akaunyamazia mwaka mzima kwa matumaini kwamba utaona haya wenyewe. Haukuona. Daktari mpasuaji, mtu mzima mwenye mvi na maneno machache, aliubonyeza akasema, "Huu tukiuacha utumbo utajinyonga humo ndani, na ukijinyonga hatutapata muda wa kupanga. Njoo Jumatano, Alhamisi asubuhi tunakata."

"Wahenga wamesema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," Jasiri alimwambia mkewe jioni ile. "Mimi naona tuwasikilize."

"Hao wahenga hawakuwa na ngiri," mkewe akasema, akaendelea kukunja shuka za kwenda nazo wodini.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na sita, madirisha yasiyofunga vizuri, na Sista Mkuu mmoja aliyefunga kila kitu. Mwanamke mnene, mwenye huruma, sauti kama kengele ya shule. Na alikuwa na utaratibu wake. Mgonjwa akisukumwa kwenda chumba cha upasuaji, wauguzi wote wa zamu walimsindikiza kwa "Hofu Funga Virago", kutoka kitandani, korido nzima, mpaka mlangoni. Aliyelia njiani aliambiwa, "Imba, baba, imba!" Aliyeendelea kulia aliimbiwa kwa nguvu zaidi, mpaka kilio chake kikawa hakisikiki. Sista aliita hiyo huduma ya roho, na taarifa zake za mwisho wa mwezi zilionyesha kwamba hakuna mgonjwa wa wodi yake aliyewahi kuogopa.

Fikiria basi alivyopokewa mwenye wimbo! Walimlaza kitanda cha katikati, kila mtu amwone. Wagonjwa waliokuwa hawajanyanyuka wiki nzima walinyanyuka. Jasiri alikuwa anatetemeka, wakasema ni upako. Alishindwa kula, wakasema amefunga. Alikaa kimya akitazama dirisha akikadiria urefu wake kutoka chini, na Sista akawaambia wenzake watembee polepole, kaka yuko katika tafakari.

Kitanda cha jirani alilala fundi viatu. Mzee mwembamba, vidole vimekakamaa kwa miaka arobaini ya uzi na sindano ya kushonea soli, na shingoni ana uvimbe mkubwa uliokuwa ukimbana koo. Akivuta pumzi ilipiga filimbi. Hakusema mengi. Alikuwa akimtazama Jasiri kwa jicho moja, kama anavyotazamwa mtu uliyesikia habari zake muda mrefu na hukutegemea atakuwa mfupi hivyo.

Alhamisi kulipokucha, binti wa fundi viatu alikuja akapiga magoti kando ya kitanda cha Jasiri.

"Kaka, mimi sikujui na hunijui. Lakini baba huyu ameshafikishwa pale mlangoni mara mbili, na mara zote mbili ameshuka kwenye kitanda akarudi kwa miguu. Daktari kasema mwezi huu hautaisha, uvimbe utamziba. Jana usiku kaniambia, 'Jasiri akiingia, na mimi nitaingia.' Umesikia, kaka? Wewe wa kwanza, yeye anafuata. Mungu akubariki kwa kuwa wewe huogopi."

Jasiri alifungua mdomo. Alikuwa ameshapanga kila kitu: choo cha mwisho wa korido kilikuwa na mlango wa pili, mlango ulikuwa na ngazi, ngazi zilikuwa na uani, na uani ulikuwa na dunia nzima. "Amina, dada," akasema, na mpango ule ukamfia mdomoni.

Mkewe, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki miguuni pake, alimsoma kama kawaida yake. "Ukitaka kukimbia, kimbia," akanong'ona. "Lakini hilo gauni liko wazi mgongoni kote, na nchi nzima inakujua."

Saa mbili kasoro robo Sista alipita na sinia la vidonge vya kutuliza. Kidonge hicho alipewa kila mgonjwa anayekwenda kukatwa, kimoja, na maji funda moja. Jasiri alikisubiri tangu saa kumi na moja alfajiri kama mtoto anavyosubiri sikukuu. Sista alimpa fundi viatu chake. Halafu akafika kwa Jasiri, akatabasamu, akapita.

"Sista," Jasiri akaita. "Samahani dada yangu. Hivyo vidonge... huwa mnawapa wote?"

"Wenye hofu, kaka."

"Aa. Na mtu akitaka tu, kwa mfano, kuonja?"

Sista alicheka mpaka sinia likagonga. Akamwonyesha faili. Palipoandikwa dawa ya kutuliza, alikuwa amejaza kwa herufi kubwa, kwa mkono wa mtu anayejua kwamba faili hili litatunzwa: HAIHITAJIKI. NI JASIRI MWENYEWE. Chini yake akapiga mstari, na pembeni akaomba sahihi yake, si kwa ajili ya hospitali, kwa ajili ya mama yake mzazi.

Jasiri akasaini. Jamani, mtu huyu alikuwa na neno moja tu la kusema, neno la silabi nne, na angepewa kidonge chake hapo hapo. Lakini fundi viatu alikuwa anasikiliza, mita moja pembeni, akipiga filimbi kwa koo. Jasiri akisema "naogopa," mzee anashuka kitandani mara ya tatu. Asiposema, ataingia mle ndani bila kidonge, na moyo ulikuwa unamdunda mpaka anausikia kwenye meno. Akamrudishia Sista kalamu yake.

Wakamsukuma. Wauguzi sita, Sista mbele, na wagonjwa wote wanaoweza kutembea nyuma, magauni yao yako wazi, wanaimba. Kitanda cha fundi viatu kilifuata hatua tano nyuma, binti ameshika reli yake. Mke wa Jasiri alitembea pembeni bila kuimba. Korido ilikuwa ndefu, taa zikipita juu ya uso wake moja moja, na kila walipofika "mlangoni hatalia" sauti zilipanda.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa wa kijani, na kidirisha kidogo cha duara. Ulipofunguka Jasiri alinyoosha mikono miwili, akashika fremu huku na huku, na kitanda kikagoma.

"Anauombea mlango!" muuguzi mmoja akapiga kelele.

"Asante Mungu!" wakaitika, wakaimba kwa nguvu zaidi, na wakasukuma kwa nguvu zaidi, kwa sababu zamu ni zamu. Jasiri akashikilia. Vidole vikawa vyeupe. Kitanda kilisonga mbele na yeye akabaki palepale, akawa anatelezea kichwani, mpaka miguu yake ikatangulia ndani na kichwa kikaning'inia nje, uso umegeuzwa chini juu. Na katika hali hiyo macho yake yakakutana na macho ya fundi viatu.

"Mwanangu," mzee akasema kwa filimbi yake, "mbona unalia?"

Angeweza kusema ni machozi ya furaha. Alishalisema hilo majukwaani mara nyingi. Lakini mzee alikuwa amemuuliza kama mtu anayeuliza saa, anataka jibu tu.

"Naogopa, mzee," Jasiri akasema. "Naogopa mpaka tumbo linauma kuliko ngiri. Naogopa sindano, naogopa kisu, naogopa nitalala nisiamke. Nimeogopa maisha yangu yote. Wimbo ule nilimwimbia panya."

Kiitikio kilikatika katikati ya neno. Korido ikawa kimya, wakasikika hata wapishi wa ghorofa ya chini. Sista alimwinamia haraka. "Kaka Jasiri, tafadhali, usiseme hivyo mbele ya wagonjwa!"

Binti aliziba uso kwa mikono miwili. Alijua kitakachofuata, maana alishakiona mara mbili. Na kweli, fundi viatu alianza kunyanyuka. Akakaa kitako, akaning'iniza miguu. Lakini hakushuka. Alikuwa anacheka, filimbi inakwenda juu na chini, na machozi yanamtoka yeye pia.

"Miezi minane," akasema. "Miezi minane nauimba wimbo wako, mwanangu. Asubuhi, jioni, kibandani kwangu huku nagonga misumari. Hofu haikuhama hata siku moja. Nikasema, basi, huyo mwenye nyumba kwangu hakuingia. Amepita, ameona kibanda, hakupenda. Hapa mlangoni mnaniambia aliye naye moyoni hatalia, nami nalia. Kisu sikukiogopa sana. Nilichoogopa ni kulazwa pale nikiwa Mungu kashanikataa." Akajifuta kwa kiganja. "Kumbe hata wewe! Loo, mimi mzee mzima nimeonewa bure."

Sista alikuwa ametazama sakafu, na shingo yake nene ilikuwa imewiva.

"Tatizo ni vidole vyake, havitoki," mke wa Jasiri akasema, akionyesha fremu. "Mnavunja mlango wa serikali. Mpeni mume wangu kidonge."

Sista akatoa kalamu, akakata HAIHITAJIKI kwa mistari mitatu, akampa Jasiri kidonge kwa mkono wake mwenyewe. Ila kidonge kinataka nusu saa kifanye kazi, na ndani madaktari walikuwa wanasubiri. "Basi nitangulie mimi," fundi viatu akasema. "Wote tunaogopa, foleni ya nini?" Akalala chali. Jasiri akaachia fremu, kitanda chake kikavutwa kando, na mzee akasukumwa kupita karibu naye, akamshika mkono, akamwachia, mlango ukafungwa. Hakuna aliyeimba. Wauguzi walibaki na midomo yao hawajui waiweke wapi.

Dakika kumi baadaye kidirisha cha duara kikajaa uso. Mlango ukafunguka kidogo, daktari mpasuaji akatokeza kichwa, mikono juu, glavu zimeshavaliwa.

"Mbona kimya?"

"Daktari," Sista akasema, "wimbo umesitishwa."

"Na nani?"

Wote wakamwonyesha Jasiri kwa vidole. Daktari alimtazama, akatazama wauguzi, akateremsha sauti. "Jamani, mzee ameshalala. Kazi naijua, msinielewe vibaya. Lakini miaka sita sasa, kabla sijakata, nausikia huo wimbo unakuja koridoni, ndipo vidole vinanitulia. Leo umekatika mlangoni." Akawaonyesha. Ndani ya glavu vidole vilikuwa vinacheza vyenyewe, kama vinapiga kinanda. "Na mahali penyewe ni shingoni."

Binti wa fundi viatu alitoa sauti ndogo, si neno. Jasiri akaketi. Alitaka kumwambia daktari ukweli aliomwambia mzee, lakini ukweli ule ulikuwa umeshafanya kazi yake, na hapa palitakiwa kitu kingine. Akakohoa, akaanza kuimba. Sauti ilimtoka imekwaruza, bila ala, bila waitikiaji. Alipofika mstari wa pili akakwama, kwa sababu mzee aliyelia mlangoni alikuwa mle ndani amelala, naye mwenyewe mashavu hayajakauka. Akaimba kilichokuja:

Hofu njoo tuketi wee, mwenye nyumba kaingia,
aliye naye moyoni, naye hulia, hulia.

Daktari alisikiliza na kichwa chake kimeinama. Vidole vikapunguza, vikapunguza, vikasimama. "Usinyamaze," akasema, akarudi ndani.

Na hapo ndipo kile kidonge, alichokililia tangu alfajiri, kilipoamua kufanya kazi. Utulivu ukampanda kutoka miguuni, mtamu ajabu. Kope zikawa nzito. Hofu yote ikaanza kuyeyuka, kitu ambacho hakikuwahi kumtokea tangu azaliwe, na alichotakiwa kufanya ni kulala tu. Sauti ikaanza kufifia. Kupitia kidirisha, muuguzi wa ndani akageuka akawatazama kwa macho makubwa.

"Nifinye," Jasiri akamwambia mkewe.

Mkewe hakuuliza mara mbili. Miaka kumi na tisa ya ndoa ilikuwa imemwachia akiba. Alimfinya mkononi, akamfinya ubavuni, akamfinya sikio, na kila alipofinywa sauti iliruka juu na wimbo ukaendelea. Kidonge kikivuta huku, mwalimu wa hesabu akivuta huku. Walivutana hivyo saa moja na dakika arobaini. Mara mbili Jasiri alisinzia katikati ya neno, na mara zote mbili binti alimmwagia maji ya kunywa usoni. Sista alisimama kando ya mlango na chupa ya maji mkononi, anaijaza kila ikiisha, bila kusema kitu.

Fundi viatu akatoka. Shingo imefungwa bendeji nyeupe, uso una rangi ya majivu, na pumzi inaingia na kutoka kimya kabisa. Binti akaweka sikio karibu na mdomo wa baba yake, akasikiliza ile filimbi ambayo haikuwepo. Kisha akakaa sakafuni palepale akalia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia aimbe.

"Zamu yako, kaka," Sista akasema taratibu.

Jasiri alijichunguza. Usingizi umekwisha, wote umetolewa kwa kufinywa. Hofu imerudi na mizigo yake yote, imepumzika vizuri. "Sista, nipe kingine."

"Kimoja tu kwa siku, kaka. Nakuapia ningekuwa na ruhusa ningekupa."

"Na sauti sina tena," Jasiri akasema, na kweli kilichotoka kilikuwa mnong'ono. Kisha wazo likamwingia, akashika reli ya kitanda kwa mikono miwili. "Sasa mimi nikiwa mle ndani, daktari nani atamwimbia?"

Wauguzi wakatazamana. Walikuwa wameuimba wimbo ule miaka sita, lakini maneno mapya kila mmoja alimtegemea mwenzake, na ya zamani hakuna aliyethubutu. Mkewe aliangalia pembeni. Mkewe hakuwahi kuimba, na kwa sababu nzuri.

"Nitaimba mimi," binti wa fundi viatu akasema kutoka sakafuni. Akasimama, akajifuta pua. "Sauti sina, kaka, nakwambia mapema. Shuleni walinitoa kwaya. Lakini sitanyamaza mpaka utoke, hata nikianguka."

Wakamsukuma. Safari hii hakushika fremu. Alilia waziwazi, mkewe amemshika mkono mpaka pale ambapo wenye viatu vya nje hawaruhusiwi, na Sista akamsukuma kuanzia hapo. Taa kubwa ikawashwa juu yake. Daktari wa usingizi akamwambia ahesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nje ya mlango binti akaanza.

Jamani, sauti ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kuliko alivyoahidi. Ilikwaruza, ikapanda pasipopandwa, ikapotea kila mstari wa pili ikarudi kwa mlango mwingine. Jasiri aligeuza macho akaitazama mikono ya daktari iliyokuwa imeinuliwa kwenye mwanga, akavitazama vidole kimoja kimoja. Alikuwa ameomba mbele za watu kwa miaka, kwa maikrofoni, kwa taa, kwa waitikiaji wanane. Sasa, kwa mara ya kwanza, aliomba akiwa na haja. Akamwomba Mungu, kwa machozi, kwa moyo wake wote, kwamba daktari yule asiwe mtu wa kuchagua.